Usiuze Ng'ombe Kabla ya Vipimo

Mazungumzo kwa wanakisomo juu ya vipimo vya masikio

 

Leo tunazungumza juu ya masikio. Hasa tunazungumza juu ya vipimo anavyofanyiwa mtu asiyesikia kabla ya kupandikizwa kifaa cha usikivu ndani ya sikio. Sisi tunaofanya kazi ya kupima masikio tumeona jambo hili lielezwe vijijini, maana habari za kifaa zimefika, lakini habari za vipimo hazijafika.

Watu husikia redioni kwamba mtoto fulani alikuwa kiziwi, akapandikizwa kifaa, sasa anasikia. Mzazi mwenye mtoto kiziwi akisikia hivyo hapati usingizi. Asubuhi anahesabu ng'ombe wake. Anahesabu magunia ya mpunga. Anataka auze kila kitu aende hospitali kubwa akanunue kusikia.

Ngojeni kwanza, ndugu zetu. Kusikia hakununuliwi dukani kama redio. Usiuze ng'ombe kabla ya vipimo. Lakini vipimo navyo visingojee mavuno ya mwaka kesho. Mambo hayo mawili ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

KIFAA HIKI NI NINI?

Kwanza tujue sikio linavyofanya kazi. Sauti huingia katika tundu la nje na kugonga ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu vidogo vinavyopokezana ile sauti. Mwisho sauti hufika katika sikio la ndani, kwenye kitu kilichojiviringa kama nyumba ya konokono. Wataalamu wanakiita koklea. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere, nayo imejizungusha mara mbili na nusu. Ndani yake mna maji, na chembe maelfu kwa maelfu zenye vinyweleo vidogo mno. Vinyweleo vikitikisika, chembe hutoa umeme mdogo. Mshipa wa fahamu huuchukua umeme huo na kuupeleka kwenye ubongo. Hapo ndipo mtu husema, "Nimesikia."

Kwa viziwi wengi zile chembe zimekufa, au hazikuumbika vizuri. Mashine ya kawaida ya masikio, ambayo wengine huiita shimesikio, kazi yake ni kukuza sauti. Inawafaa watu wengi sana. Lakini kama chembe zimekwisha, hata ukuze sauti namna gani, hakuna wa kuipokea. Ni sawa na kupiga hodi kwa nguvu kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kifaa cha kupandikiza kinafanya kazi kwa namna nyingine. Kina sehemu mbili. Sehemu ya nje huvaliwa nyuma ya sikio. Inapokea sauti na kuigeuza kuwa ishara. Sehemu ya ndani huwekwa chini ya ngozi kwa operesheni. Ina uzi mwembamba wenye vituo vidogo vya umeme, 12 hadi 22 kwa kufuata aina ya kifaa. Uzi huo huingizwa ndani ya koklea, ukauamsha mshipa wa fahamu moja kwa moja bila kuzipitia zile chembe zilizokufa.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1957, huko Paris, Ufaransa, wataalamu wawili, Djourno na Eyriès, walijaribu kumsikizisha kiziwi kwa umeme. Mwaka 1961 daktari William House naye alijaribu huko Marekani. Huko Australia alikuwako daktari Graeme Clark, ambaye baba yake alikuwa na shida ya kusikia. Taabu yake ilikuwa namna ya kuuingiza uzi katika koklea iliyojizungusha bila kuiharibu. Mwaka 1977, akiwa ufukweni, alichukua kombe la baharini lililojiviringa, akasukuma jani la nyasi ndani yake. Akaona kwamba jani lenye ncha laini na shina gumu huzunguka vizuri. Mwaka 1978 alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza mjini Melbourne. Hapa kwetu Tanzania, wagonjwa walikuwa wakipelekwa nje ya nchi, hasa India, mpaka mwaka 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kuifanya kazi hii nchini.

Sasa sikilizeni vizuri. Ili kifaa kifanye kazi yanatakiwa mambo matatu. La kwanza, koklea iwe na nafasi ya kupitisha uzi. La pili, mshipa wa fahamu uwepo na uwe hai. La tatu, ubongo uwe bado tayari kujifunza sauti. Mambo hayo hayaonekani kwa macho. Mganga hawezi kuyajua kwa kumwangalia mtoto usoni. Ndiyo maana vipimo vipo.

KIPIMO CHA KWANZA KIPO NYUMBANI

Msidhani vipimo vinaanzia Dar es Salaam. Vinaanzia kwa mama, mkekani.

Mtoto mchanga husikia. Ukipiga kofi kubwa karibu naye atashtuka. Akifika miezi 3 au 4 hutulia anaposikia sauti ya mama. Miezi 6 hugeuza kichwa kutafuta sauti inakotoka. Karibu na miezi 9 au 10 huitika akiitwa jina. Akitimiza mwaka huanza kusema neno moja, "mama" au "baba". Mtoto asiyefanya hivyo apelekwe akapimwe.

Lakini mjaribu kwa akili. Usipige kofi mbele yake, maana ataliona. Usigonge mlango kwa kishindo, maana atausikia mtikisiko mwilini, hata kama masikio hayasikii. Kaa nyuma yake, tikisa kayamba au kibuyu chenye mbegu, polepole, mahali ambapo kivuli chako hakimfikii. Kisha tazama kama atageuka.

Tena tuache maneno ya kujifariji. Tunasikia, "Ah, watoto wa kiume huchelewa kusema." Tunasikia, "Baba yake naye alichelewa." Wengine humpeleka mtoto akatwe kimeo, au akatwe utando wa chini ya ulimi. Ulimi hauna kosa, ndugu. Mtoto hasemi kwa sababu hasikii. Wengine humwaga mafuta ya moto au maji ya majani ndani ya sikio. Hayo huunguza na kuleta usaha. Acheni kabisa.

NINI HUFANYIKA HOSPITALI?

Anzeni zahanati au kituo cha afya. Ombeni barua ya rufaa mpaka mfike kwa mganga wa masikio, pua na koo. Msisahau kadi ya kliniki ya mtoto. Huko mtakutana na hatua hizi.

Hatua ya kwanza ni maswali. Mama alipata homa yenye vipele akiwa mjamzito? Mtoto alizaliwa kabla ya wakati? Alichelewa kulia? Alipata manjano makali? Alipata homa ya uti wa mgongo? Alidungwa sindano za jentamaisini siku nyingi? Katika ukoo wapo viziwi wengine? Msione haya kujibu. Mganga hatafuti wa kumlaumu. Anatafuta chanzo, kwa sababu chanzo humwonyesha kipimo kinachofuata.

Hatua ya pili ni kuchungulia sikio kwa kijitochi. Pengine ni nta iliyoziba. Pengine ni usaha, au ngoma imetoboka. Hayo yana dawa yake, na wapo watu waliodhaniwa viziwi kumbe masikio yameziba tu. Sikio lenye usaha hutibiwa kwanza, hata kama mwisho wake ni kupandikizwa.

Hatua ya tatu ni kipimo cha mwangwi. Kijiti laini huwekwa katika tundu la sikio na kutoa milio midogo. Koklea yenye afya hurudisha mwangwi mdogo sana, na mashine huunasa. Jambo hili liligunduliwa na David Kemp huko London mwaka 1978. Kipimo hakiumi, tena ni cha dakika chache tu.

Hatua ya nne ni kipimo cha usingizini. Mtoto hulazwa, hubandikwa vibandiko kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, kisha husikizishwa milio. Mashine husoma kama umeme wa sauti unapita katika mshipa wa fahamu kwenda ubongoni. Mtoto hatakiwi kujibu neno. Kwa hiyo hata mchanga wa wiki chache hupimwa. Mkiambiwa mje na mtoto mwenye usingizi, msimlaze njiani ndani ya basi. Mwacheni achoke, alale pale pale kwenye kipimo.

Pengine mtauliza, "Mbona vipimo viwili kwa sikio moja?" Sababu ni hii. Wapo watoto, hasa waliopata manjano makali, ambao koklea yao hurudisha mwangwi vizuri lakini mshipa haupeleki habari sawasawa. Kipimo kimoja kingesema mzima, cha pili kingesema kiziwi. Vyote viwili pamoja ndivyo vinavyosema kweli.

Mtu mzima na mtoto mkubwa hupimwa pia kwa odiomita. Huvaa vipokea sauti masikioni, na kila anaposikia mlio, hata mdogo, huinua mkono au hubonyeza kitufe. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Mtu ambaye hata desibeli 90 hazisikii kwa masikio yote mawili, huyo ana uziwi mzito.

Hatua ya tano ni kujaribu mashine ya kawaida ya masikio, mara nyingi kwa miezi 3 hadi 6. Hapa ndipo wazazi wengi hukasirika. Husema, "Sisi tumekuja kupandikizwa, mbona tunapewa mashine ndogo?" Hiyo si dharau, ndugu. Nacho ni kipimo. Kama mashine ndogo inamtosha, mtoto ameepuka kisu. Kama haimsaidii, mganga amepata ushahidi. Kwa hiyo avae kila siku, kutwa nzima akiwa macho. Mashine ikifungiwa sandukuni ili isichafuke, miezi yote ile imepotea bure.

Hatua ya sita ni picha za ndani ya kichwa. Picha ya CT huonyesha mfupa, na picha ya MRI huonyesha maji ya koklea na mshipa wa fahamu. Mtoto mdogo hupewa dawa ya usingizi ili asitikisike. Wapo watoto waliozaliwa bila koklea. Wapo waliozaliwa na koklea lakini mshipa wa fahamu haupo. Picha ndizo zinazosema.

Hapa tunataka kila mmoja ashike jambo moja. Homa ya uti wa mgongo ikiharibu sikio la ndani, koklea inaweza kuanza kujaa mfupa baada ya wiki chache tu. Ikijaa mfupa, uzi haupiti, au unapita kwa shida. Kwa hiyo mtu yeyote aliyepona homa hiyo, mkubwa au mdogo, apimwe masikio kabla mwezi haujaisha. Huyu asiambiwe "njoo baadaye". Kwake kila wiki ina thamani.

Hatua ya saba ni kuupima mwili mzima. Damu hupimwa, na macho hutazamwa, maana upo uziwi wa kurithi unaokuja pamoja na upofu wa polepole, unaoanza kwa kutoona usiku. Moyo nao hupimwa. Mwaka 1957 madaktari wawili huko Norway, Jervell na Lange-Nielsen, walieleza juu ya watoto viziwi waliokuwa wakizimia kwa sababu umeme wa moyo wao haukwenda sawa. Ugonjwa huu ni wa nadra, lakini huua. Mtoto kiziwi akizimia anapokimbia au anaposhtuka, msiseme ni kifafa au ni mashetani. Mwambieni mganga kabla hajapewa nusukaputi.

Tena hutazamwa chanjo. Mwaka 2002 iligundulika kwamba waliopandikizwa kifaa wana hatari zaidi ya kupata homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo hupewa chanjo ya vijidudu vya nimonia kabla ya operesheni. Kadi ya kliniki ndiyo inayoonyesha mtoto alichanjwa nini, ndiyo maana tulisema msiisahau.

Hatua ya nane ni mazungumzo na familia. Nanyi mnapimwa! Nani atamleta mtoto kliniki mara kwa mara? Kifaa hakiwashwi siku ya operesheni. Huwashwa baada ya wiki chache, jeraha likipona, kisha hurekebishwa mara nyingi. Nauli ya safari hizo ipo? Betri mtachaji wapi? Umeme wa jua upo nyumbani? Nani atakaa na mtoto kila siku kumfundisha kwamba huu ni mlio wa jogoo, huyu ni bibi anakuita? Kwani kifaa hakileti lugha. Huleta sauti tu, na sauti yenyewe mwanzoni ni ngeni. Lugha inaletwa na watu wa nyumbani.

UMRI HAUNGOJI

Koklea ya mtoto anapozaliwa tayari ina ukubwa wa koklea ya mtu mzima. Kwa hiyo hakuna haja ya kungoja mtoto akue. Ubongo ndio wenye haraka. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, akipandikizwa kabla ya miaka 3, kwa kawaida hupata faida kubwa kuliko aliyechelewa. Akifika miaka 7 au 8 hajapata kusikia kabisa, sehemu ya ubongo iliyokuwa ya kusikia huwa imekwisha kupewa kazi nyingine. Hapo kifaa humsaidia kusikia mlio wa gari, lakini kumwelewa mtu akizungumza ni taabu.

Mtu mzima aliyekuwa akisikia na kusema, kisha akapoteza kusikia, huyo ni mbali. Ubongo wake unaijua sauti tayari. Anaweza kupata faida kubwa. Lakini naye asikae miaka mingi na uziwi wake.

JIBU LIKIWA HAPANA

Sasa je, vipimo vikisema hapana? Vikisema mshipa wa fahamu haupo, au muda umepita? Tunajua machungu yake. Lakini jibu hilo limeiokoa familia. Fikirini mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe wote na shamba la chini, akalipa makumi ya milioni, kisha mtoto hasikii. Ng'ombe hawapo, kusikia hakupo, na mwaka wa shule umepita.

"Hapana" ya kifaa si "hapana" ya maisha. Mtoto kiziwi si mgonjwa wa akili. Anayo lugha yake, nayo ni lugha ya alama, lugha kamili yenye sarufi yake. Shule za viziwi zipo. Ya Tabora ilianza mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Mwanzeni alama mapema, nanyi nyumbani mjifunze. Hata mtoto anayengoja vipimo aongeshwe kwa alama. Asikae miezi bila lugha kwa sababu anangojea kifaa. Wapo viziwi wasiotaka kabisa kupandikizwa, wanaishi vizuri, wanafanya kazi na kulea watoto. Nao waheshimiwe.

NA FEDHA JE?

Tumesema msiuze ng'ombe kabla ya vipimo. Hatukusema vipimo ni vya bure vyote. Lakini gharama ya vipimo ni ndogo mbele ya gharama ya kifaa. Fanyeni hatua moja moja. Katika kila hatua ulizeni: "Kipimo hiki kinatafuta nini? Jibu lake litabadili nini?" Mna haki ya kuuliza na kujibiwa kwa Kiswahili mnachokielewa. Andikeni majibu kwenye daftari. Kusoma na kuandika tulikojifunza kuna faida gani kama si hiyo? Hospitali kubwa zina maofisa wa ustawi wa jamii. Waoneni mapema, mwulize juu ya msamaha na misaada. Na mtu akija kijijini kusema, "Nipeni fedha nimwekee mtoto kifaa," bila kipimo hata kimoja, huyo mpelekeni kwa mtendaji.

Tukumbuke pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kuwa karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto ungeweza kuzuilika. Chanjo ya surua na rubela, kliniki ya wajawazito, kuwahi kutibu manjano na usaha wa masikio, yote hayo ni kinga. Kinga haiuzi ng'ombe hata mmoja.

Basi ndugu wanakisomo, tukirudi nyumbani leo, kila mmoja amtazame mtoto mdogo wa nyumbani kwake na wa jirani. Mtikisie kibuyu nyuma yake. Asipogeuka, mrudie siku nyingine. Asipogeuka tena, safari ya zahanati ianze wiki hiyo hiyo, na ng'ombe wabaki zizini mpaka vipimo viseme.



MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini si vizuri kupiga kofi mbele ya mtoto tunapojaribu kama anasikia?
2. Mtu amepona homa ya uti wa mgongo. Kwa nini apimwe masikio upesi?
3. Mzazi amepewa mashine ya kawaida kwa miezi 3 naye amekasirika. Utamwelezaje?
4. Katika kijiji chetu wapo watoto wangapi wasiosema wala kuitika? Nani kati yetu atakwenda kuzungumza na wazazi wao, na lini?